Mwimo wa Mlango

Mihayo alirudi Sikonge na mlango wa chuma
uliofungwa kamba juu ya fuso, kufuli tatu, rangi ya kahawia.
"Baba, huu wa zamani tuupasue kuni."
Fundi Sizya alikwisha piga magoti, akitafuta msumari wa kwanza.

Ngojeni, nikasema.
Nileteeni kigoda, na huo mti msiuguse.

Mninga huu niliuangusha mwenyewe, porini upande wa Ipole,
mwaka nyuki walipoingia mizinga yangu yote kumi na miwili.
Alama yake hii hapa chini, pana,
ya kijana mwenye panga jipya na maneno mengi.

Hii ya pili ni malale.
Siku arobaini hospitalini, Kalunde akilala sakafuni,
akininywesha uji kwa kijiko tulichoachiwa
na mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekwenda zake alfajiri.
Nilirudi nyumbani mwepesi kama gome la mzinga.
Nilikata kidogo tu. Mkono haukuwa na nguvu.
Lakini nilikata.

Hii: mvua ya mawe ilitwanga tumbaku
majani yakabaki nyavu,
chama kikaleta barua ya deni yenye mhuri,
na usiku mtu akatua gunia la michembe kizingitini
akaondoka bila hodi.
Tulitafuna michembe hadi taya zikachoka.
Wewe, Mihayo, ulilia ukitaka ugali.
Hukumbuki. Ndiyo maana nilikata.

Hizi mbili zilizobanana ni wewe na dada yako Mbula.

Sasa njoo ndani, inama, chini ya bawaba.
Unaiona? Nyembamba. Si ya panga, ni ya kisu cha jikoni.
Nyanzala aliishi siku tisa.
Panga nililisukuma uvunguni. Mchungaji alipokuja
nilimwambia mimi na Mungu hatuna hesabu tena,
na miezi mitatu kengele ililia, nikabaki naparua mizinga.
Mama yako aliikata usiku, peke yake.
"Tulipewa siku tisa," aliniambia.
"Nani mwingine aliyempakata?"
Sikumjibu. Sijui kama nimekwisha mjibu hadi leo.
Ila kila nilipofunga mlango, kidole kilipita pale.

"Na hii?" akauliza fundi. Nyundo alikwisha iweka chini.

Nikaitazama.
Usawa wa kifua, ya kina, imenyooka, mkono wangu kabisa.
Nikapekua miaka: ukame, ile homa ya Mbula,
kesi ya shamba, mwaka wa viwavi.
Kila kimoja kina alama yake. Hii haikuwa na mwenyewe.
Kalunde angejua, lakini Kalunde amelala nyuma ya kanisa
chini ya mtundu, na hanong'oni.

Nilikaa pale muda mrefu, nikiona aibu mbele ya kipande cha mti.
Jambo kubwa kiasi cha kunitoa kitini nikatafute panga,
na leo sina hata harufu yake.
Aliyenitendea hajasahau.
Hajawahi kuja kunidai.
Bwana, asante kwa hii, nikasema, yoyote iwayo,
na kwa zile ambazo sikuinuka kitini.

Hakuna aliyesema kitu. Kuku alipita katikati yetu.
Kisha Mihayo akamwomba Sizya patasi.
Aliishika vibaya, kama mtu wa ofisi,
akasimama mbele ya mwimo, akitafuta mahali.

"Ya nini?" nikamuuliza.

"Mwaka jana, baba. Barabara ya Itigi, usiku.
Tulikuwa sita kwenye gari." Akameza mate.
"Sikuwahi kukuambia."

Akapiga mara nne, ovyo, mara ya tano ikaingia.
Vumbi la mninga likadondoka juu ya viatu vyake vya mjini,
jekundu,
kama ndio kwanza mti umekatwa.